Mbuzi Huyu ni wa Nani? Vijana, Mifugo na Elimu ya Vitendo katika Historia ya Unyanyembe

UTANGULIZI

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, mahali paitwapo Kwihara, iko nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Wageni hupelekwa kuiona kwa sababu David Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, tangu mwezi wa Februari hadi Agosti 25, akingojea wapagazi wa kumchukulia mizigo. Kwa hiyo historia ya Kwihara imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mgeni mmoja.

Lakini tembe ni nyumba inayozunguka ua, na katika Unyamwezi mara nyingi ua huo ndio uliokuwa zizi la mifugo wakati wa usiku. Walikuwako watu waliofungua zizi asubuhi, wakawapeleka ng'ombe malishoni, wakajua majani yapi yana sumu na kisima kipi hukauka kwanza. Wengi wao walikuwa vijana. Majina yao hayakuandikwa ukutani, wala hayakuandikwa katika vitabu vya wasafiri. Makala hii inakusudia kuanzia kwao.

Siku hizi linazungumzwa tena kwa nguvu suala la vikundi vya vijana vya kujifunza kwa vitendo na kufuga: kuku, mbuzi, sungura, nyuki. Shule zinahimizwa, vijiji vinahimizwa, na makada wanaulizwa wamefanya nini. Ni jambo jema. Hata hivyo, hapana budi tukiri mapema ukweli mmoja ambao mara nyingi husahaulika: elimu ya vitendo si mali ya wanyonge peke yao. Wenye misafara waliipenda. Wakoloni waliipenda sana. Wenye mashamba makubwa wanaipenda hata leo. Kwa hiyo kijana kushika jembe, au kufuga mbuzi, si ushahidi kwamba anakombolewa. Swali la msingi ni hili: mbuzi huyu ni wa nani?

Historia ya Unyanyembe inatupa nafasi nzuri ya kulichunguza swali hilo, kwa sababu hapa vijana walifundishwa kazi katika mifumo minne iliyofuatana, na kila mfumo ulilijibu kwa njia yake.

MALEZI YA KAZI KABLA YA UKOLONI

Katika jamii za Wanyamwezi na Wasukuma mtoto alifundishwa kwa hatua. Alianza na kazi ndogo karibu na nyumba, akakabidhiwa mbuzi na ndama, na alipopevuka akaenda na ng'ombe mbali. Hapakuwa na darasa wala cheti, lakini ulikuwako mtihani: jioni wanyama walihesabiwa, na aliyepoteza alirudi porini kutafuta. Mtoto wa kike naye alijifunza kilimo, usindikaji wa maziwa na matunzo ya nyumba kwa kumfuata mama na bibi.

Vijana walikuwa pia na vyama vyao vya kazi. Miongoni mwa Wasukuma kiongozi wa vijana wa kijiji aliitwa nsumba ntale. Vijana wakiitwa kulima au kupalilia shamba la mtu walikwenda kwa pamoja, kwa ngoma na nyimbo, na mwenye shamba aliwalipa kama kundi kwa chakula au mnyama wa kuchinja. Walikuwa na kanuni zao na adhabu zao kwa mvivu. Asemaye leo kwamba vikundi vya vijana ni jambo lililoletwa na wageni, hajaitazama historia yetu.

Mifugo yenyewe ilizunguka kwa njia ya kuaminiana. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jirani baadhi yao awatunze. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, na huenda baadaye akapewa ndama. Njia hiyo ilipunguza hatari, maana ugonjwa ukiingia katika zizi moja haukuimaliza mali yote. Aidha, ilimwezesha kijana asiye na kitu kuanza kufuga.

Tusiupambe mno mfumo huo. Watemi na wazee ndio waliokuwa na sauti. Wako waliokuwa na mazizi yaliyojaa na wako waliochunga ng'ombe wa wengine maisha yao yote. Wanawake walifanya kazi nyingi wakaamua mambo machache. Pamoja na hayo, jambo moja lilikuwa wazi: kijana aliyechunga vizuri alikuwa na njia inayoonekana ya kuwa mwenye mifugo. Kazi, elimu na mali vilikuwa bado havijatenganishwa kabisa.

VIJANA KATIKA NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 Unyanyembe ikawa njia panda ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mingine ilielekea kaskazini hadi Buganda. Wanyamwezi walijulikana kote kuwa wapagazi hodari. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliandika jinsi safari ya pwani ilivyohesabiwa kuwa kipimo cha utu uzima, na jinsi watoto walivyozoezwa mapema kubeba pembe ndogo.

Hii nayo ilikuwa elimu ya vitendo. Kijana alijifunza njia, lugha ya Kiswahili, bei za vitambaa na shanga, na namna ya kugoma pale kiongozi wa msafara alipokiuka makubaliano ya posho. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, na ujira huo wa vitambaa uligeuzwa nyumbani kuwa majembe na ng'ombe. Hivyo msafara ulimpa kijana nafasi ya kuanza maisha bila kumngojea baba au mtemi.

Lakini hesabu kubwa haikufungwa Unyanyembe. Faida ya pembe ilikwenda kwa wafanyabiashara wakubwa, ikapita Zanzibar kwa wenye mitaji waliowakopesha, ikaishia katika viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyotengeneza vinanda na vishikio vya visu. Mpagazi alijua uzito wa pembe begani kwake, lakini bei yake ya mwisho hakuijua.

Hata ufugaji wa Unyanyembe uliingia katika mgawanyo huo wa kazi. Matajiri wa Tabora na Kwihara walikuwa na ng'ombe, lakini aghalabu hawakuwachunga wenyewe. Wasafiri wa wakati huo waliwakuta Watusi wakichunga mifugo ya watemi na ya Waarabu. Ujuzi ulikuwa wa mchungaji na mali ilikuwa ya tajiri.

Kuna mtoto mmoja katika historia ya Unyanyembe ambaye jina lake limehifadhiwa. Henry Morton Stanley alifika huku Juni 23, 1871, na akakaa Kwihara wakati Mirambo alipokuwa akipigana na Waarabu wa Tabora. Katika siku hizo mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto mtumwa kama zawadi. Mtoto yule aliitwa Ndugu M'hali, naye Stanley akampa jina la Kalulu. Alipelekwa Uingereza, akaingizwa shule huko, kisha akarudishwa Afrika katika safari nyingine ya bwana wake, na akafa maji katika Mto Kongo mwaka 1877 akiwa bado kijana. Alijifunza mengi kwa vitendo: kupika, kuhudumu, kusafiri, kusema lugha ya kigeni. Lakini kwa wale waliompeana yeye mwenyewe alikuwa mali, kama mbuzi aliyefungwa kamba mlangoni. Hapo ndipo tunapoona kwa uwazi kabisa kwamba ustadi wa mikono na uhuru wa mtu ni mambo mawili, na kwamba la kwanza halileti la pili kwa nguvu zake lenyewe.

SOTOKA, MBUNG'O NA SHULE YA MKOLONI

Pigo kubwa la ufugaji lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika kutoka nje ulienea Afrika Mashariki nzima na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na katika maeneo mengi walisalia wachache mno. Kipindi hichohicho Wajerumani walikuwa wakiuvunja utawala wa wenyeji. Januari 1893 boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe lilitekwa, na Isike akaona afadhali kujilipua kuliko kukamatwa.

Matokeo ya sotoka yalidumu kwa miongo mingi. Ng'ombe walipokwisha na watu walipohama, vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho na mashamba. Na vichaka viliporudi, mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo, alirudi pamoja navyo. Mdudu huyo hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Tabora na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Kwa hiyo mtu asishangae akisikia kwamba katika sehemu nyingi za misitu ya miombo ya Tabora ufugaji wa ng'ombe ulikuwa mgumu, na kwamba ujuzi wa ufugaji ulikatika katika familia kadhaa. Haukukatika kwa uvivu. Ulikatika kwa sababu za kihistoria.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Baada ya muda Unyanyembe, ambayo zamani ilikuwa kitovu cha misafara, ikawa mahali pa kutoa vibarua kwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa tamko la sera lenye mwelekeo huohuo. Ukiyasoma mapendekezo hayo bila kuangalia nani alikuwa mtawala, utadhani ni maneno ya mwanamapinduzi.

Tazama hali halisi. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 ilifunguliwa Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu, ili watoke humo watawala wasaidizi na makarani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeanza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, aliingia Tabora mwaka 1937, na baada ya Makerere alirudi mji huohuo kufundisha katika Shule ya St. Mary's. Kwa wachache hao kulikuwa na kalamu. Kwa walio wengi, kama walipata shule yoyote, kulikuwa na jembe. Katika miaka ya 1950 shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane, ziliwekewa mkazo wa kilimo: mashamba, na mahali pengine mifugo. Wazazi na wanafunzi wengi walilichukia jambo hilo. Wakoloni walisema Waafrika wanadharau kazi. Ukweli ni kwamba wazazi walikuwa wameisoma hali kwa usahihi: aliyeshika kalamu alitawala, na aliyeshika jembe alitawaliwa. Walichokataa ni mpango wa kuwabakiza watoto wao chini kwa jina la elimu.

Mfano mwingine uko Urambo, magharibi ya Tabora kwenye reli ya Kigoma. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Mitambo ilikuwako, fedha zilikuwako na wataalamu walikuwako. Lakini wenyeji walioijua ardhi na mvua zake waliingizwa kama vibarua wa kuamriwa. Mpango usiomuuliza anayeijua ardhi hulipa gharama ya kutomuuliza.

VIKUNDI VYA VIJANA KATIKA NCHI NYINGINE

Kabla ya kufika katika jitihada zetu wenyewe, inafaa tuangalie kidogo nje, maana wako wanaotuletea vikundi hivi kana kwamba havina historia. Mwaka 1902, katika Wilaya ya Clark, Jimbo la Ohio nchini Marekani, msimamizi wa shule A. B. Graham aliunda kikundi cha wavulana na wasichana wa mashambani waliopanda mahindi na kupima udongo. Vikundi vya namna hiyo vilienea, na sheria ya mwaka 1914 iliviunganisha na huduma ya ugani ya serikali na vyuo vikuu. Ndipo ilipokua jumuiya ya 4-H, ambayo alama yake ni herufi nne za Kiingereza zenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya.

Vikundi hivyo viligundua jambo muhimu: baba alikataa mbegu mpya alipoambiwa na mtaalamu, lakini aliikubali alipoiona ikistawi katika shamba la mwanawe. Kijana akawa mwalimu wa kijiji kwa mfano badala ya hotuba. Aidha, kila mtoto alikuwa na mnyama au shamba lake na daftari lake la mapato na matumizi. Haya ni mambo ya kujifunza.

Lakini vikundi hivyo vilikulia katika uchumi wa kibepari. Mara nyingi mtoto hufuga mnyama wake mwenyewe na kushindana na wenzake katika maonyesho, na mtoto wa mwenye shamba kubwa huanza mbele ya mtoto wa kibarua. Kenya ilipounda vikundi vyake mashuleni iliviita 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na neno la kwanza likawa kuungana. Vikundi hivyo vilififia kwa miaka mingi, kisha vikazinduliwa upya mwaka 2021. Vya 4-H vimekuwako Tanzania pia. Hatuna sababu ya kukataa jambo kwa kuwa limetoka nje, wala ya kulimeza zima. Tunapaswa kulipima.

ELIMU YA KUJITEGEMEA NA MAFUNZO YAKE

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Makada wengi wanakikumbuka kama agizo la kulima shamba la shule. Kisomwe tena. Hoja yake ilikuwa pana zaidi: kwamba shule iwe jumuiya inayojitegemea, kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, kwamba waone wenyewe matokeo ya uamuzi wao, mazuri na mabaya, na kwamba shamba la shule lifanane na hali ya mkulima wa kawaida ili lile linalofanikiwa shuleni liweze kufanyika nyumbani. Kazi bila uamuzi haikuwa Elimu ya Kujitegemea.

Jambo hilo lilikuwa limeanza kutendwa hata kabla ya kijitabu kuandikwa. Twende kusini kidogo, Songea, kwa kuwa waliolianza walikuwa vijana wa Chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha Umoja wa Vijana wa TANU kilianzisha kijiji cha Litowa. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vilikuwa na chama chao cha maendeleo, na baadaye vikafika zaidi ya kumi. Shule ya Litowa iliwafundisha watoto kusoma na kuhesabu pamoja na kazi za shamba na mambo ya kijiji, na mambo ya kijiji yaliamuliwa mkutanoni na wanakijiji wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho. Jarida la nadharia lisilothubutu kulitaja jambo hilo halina faida kwa kada. Chama kilitaka ujamaa, na mahali ujamaa ulipochipuka kwa maamuzi ya watu wenyewe, viongozi waliona hatari. Hilo ni kosa letu wenyewe, wala hatuwezi kumtwika beberu.

Baadaye Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kazi iwe sehemu kamili ya masomo. Mamilioni ya watoto waliingia darasani, na ushindi huo hauna budi kuheshimiwa. Lakini katika shule nyingi kazi iligeuka. Shamba likawa mahali pa kutumikia adhabu: mchelewaji apelekwe kulima, mtundu achote maji ya ng'ombe. Mapato hayakusomwa mbele ya wanafunzi. Mbuzi wa shule aliitwa wa wote siku ya kuchungwa, na siku ya kuchinjwa akawa na wenyewe. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa miaka saba alijifunza somo kamili kwa vitendo: kwamba mali ya umma ni ya mkubwa. Wakati masharti ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipoidhoofisha miradi ya shule, wengi hawakuililia.

Makosa hayo hayaibatilishi nadharia. Yanaonyesha sharti lake. Tukiyaweka pamoja mambo ya karne na nusu katika Unyanyembe, tunapata maswali matatu ya kukipima kikundi chochote cha vijana. Kwanza, mnyama na uzao wake ni wa nani? Pili, nani anaamua auzwe lini na fedha zifanye nini? Tatu, nani anashika daftari, na linasomwa mbele ya nani? Wakoloni, wenye misafara na wakuu wabovu walikubali kumpa kijana kazi. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kumpa majibu ya maswali hayo matatu.

KAZI YA KADA LEO

Nadharia bila utekelezaji ni maneno. Tutazame basi jinsi kikundi kinavyoweza kuanzishwa katika kijiji cha Tabora.

Kwanza, kianze na mnyama anayefaa mazingira. Penye mbung'o wengi, ng'ombe ni mtego kwa asiye na dawa wala josho. Kuku wa kienyeji wa Tabora wanajulikana hadi Dar es Salaam. Adui yao mkubwa ni kideri, ambacho huweza kufagia kijiji kizima kwa siku chache. Tuchukue mfano wa hesabu: kikundi chenye mitetea 5, kila mmoja akiangua vifaranga 10, kina vifaranga 50. Kideri kikiingia huenda asisalie hata mmoja. Lakini ipo chanjo inayostahimili joto, inayotengenezwa hapa nchini. Ni tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kijana akiweka tarehe hizo katika daftari na kupita nyumba kwa nyumba siku ya chanjo, anajifunza sayansi, hesabu na utumishi wa umma kwa pamoja. Na mzazi ataamini atakapoona kuku wa mwanawe wamebaki hai.

Nyuki nao ni mifugo, na misitu ya miombo ambayo ni uadui kwa ng'ombe ni rafiki wa nyuki. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki na historia ndefu ya ushirika wa warina asali. Kijana afundishwe mzinga wa kisasa unaomwezesha kurina bila kuchuna gome la mti, maana mti uliochunwa gome pande zote hufa, na msitu ukifa asali nayo hufa.

Pili, mali ikue kwa kuzunguka. Utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe umezoeleka nchini, na kwa asili yake haupingani na ukabidhianaji wa mifugo wa babu zetu. Mwanachama hupewa mbuzi jike, na mtoto jike wa kwanza huenda kwa mwanachama anayefuata, kisha aliyebaki ni mali yake. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, kwa hiyo vijana wataona duru nzima kabla hawajamaliza shule. Utaratibu huo unamfaa hasa mtoto wa maskini, ambaye katika mashindano ya mnyama wangu na mnyama wako angeshindwa kabla ya kuanza.

Tatu, daftari liwe mikononi mwa vijana, wasichana kwa wavulana, na lisomwe hadharani kila mwezi. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kada akiombwa kuku na mgeni wa wilaya, jibu sahihi ni kwamba kikundi kitakutana na kupanga bei.

Nne, kikundi kiunganishwe na mipango ya nchi bila kuwa mateka wake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023, na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Hii ni fursa, na pia ni hatari ileile ya shule za kati za miaka ya 1950. Kama amali itakuwa njia ya watoto wa wakulima, na kalamu ikabaki njia ya watoto wa wakubwa, wazazi watairudia hukumu yao ya zamani, nao watakuwa na haki. Dawa yake ni moja: mtoto wa kiongozi naye asafishe banda.

HITIMISHO

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kuamua kama Chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao masharti yake yalikuwa ya kibaguzi. Walijadiliana kwa ukali na hatimaye wakakubali kushiriki. Historia imeuita uamuzi wa busara. Tunaupenda uamuzi huo kwa matunda yake. Tuupende pia kwa namna ulivyofikiwa: kwa mjadala, na watu ambao wangebeba wenyewe gharama ya kukosea.

Kikundi cha vijana kumi wenye mbuzi sita ni kitu kidogo. Lakini siku watakapokaa chini ya mwembe kubishana kama wauze dume au wangoje mvua, kisha wakaamua, kisha wakapata hasara au faida na kuiandika kwa mikono yao, watakuwa wanajifunza jambo ambalo mtoto Kalulu hakuruhusiwa kujifunza, na ambalo shule ya mkoloni haikulifundisha. Kada anayetaka kujua kama mradi katika tawi lake ni wa kujitegemea asiishie kutazama banda. Amwite mdogo kuliko wote katika kikundi, mbali na mwalimu na mwenyekiti, amwulize: mbuzi huyu ni wa nani? Jibu la mtoto yule ndilo ripoti.